Shati la Otto Sandukuni

Majengo,
Songea.
16 Juni 2024

Mpendwa dada Ursula,

Shikamoo dada. Habari za huko Singida? Na shemeji je, mgongo umemwachia? Sisi tunapumua, ila baridi ya mwezi huu imetukaba, na mke wangu Rosemary ana mafua yasiyosikia dawa. Mahindi ya Mama kule Mpitimbi yameshavunwa.

Kazi zangu ni zilezile. Katikati ya wiki nauza vipuri vya baiskeli, Jumamosi jioni naitwa Profesa Atha, nafanya mazingaombwe klabuni hapa Majengo. Usicheke, watu wanajaa. Rosemary anaingia sandukuni, nikifungua hayumo. Nafunga tena, naita, "Aliyepotea, rudi nyumbani!" Anatoka huyo, anapunga mkono.

Dada, maneno hayo ndiyo yaliyoniponza. Mwezi uliopita Mama alikuja mjini kutibiwa macho, nami kwa kiherehere changu nikampeleka klabuni akanione. Watu walipiga makofi, yeye hakupiga. Asubuhi akarudi Mpitimbi bila hata kunywa chai, na kesho yake huyo tena mlangoni kwangu, na shati la Otto kwenye mfuko. Unajua tangu mdogo wetu aende Msumbiji kuchimba vito hatujasikia hata sauti yake.

"Mwite na yeye," akaniambia.

Nilicheka, nikidhani ananitania. Wapi! Nikamweleza kwamba ni kiini macho tu, akanuna, eti namficha kama mtu baki. Mwishowe nikafanya tusichofanya sisi watu wa kazi hii. Nikampeleka nyuma ya sanduku, nikamfungulia kimlango cha siri anachotokea Rosemary. Nikajua yameisha. Mama akakipapasa kwa mkono, taratibu.

"Kumbe mlango upo," akasema.

Tangu hapo kila Jumamosi yuko kiti cha mbele. Shati amelitundika ndani ya sanduku, Rosemary akijificha linamgusa usoni, na hakuna anayethubutu kulitoa. Nikasema basi, naacha yale maneno. Jumamosi iliyopita nikafunga sanduku, nikanyamaza. Watu wameshayazoea, wakaita wao, klabu nzima. Mama akasimama. Rosemary akatoka, na Mama akawa anachungulia nyuma yake.

Nimeishiwa, dada. Nikimwambia Otto harudi, mimi najuaje? Nikinyamaza, nimekuwa tapeli wa mama yangu mwenyewe. Wewe huwa anakusikiliza, ingawa sijui utamwambia nini.

Nisalimie shemeji, pia Calvin na Judica. Mungu awafunike huko mliko, na njia zenu zote ziwe za kurudi. Mama naye anakusalimu sana. Anasema kama una picha ya Otto uitume, maana shati limefubaa, Otto asije akashindwa kulitambua.

Mdogo wako akupendaye,
Athanasi