Ng'ombe wa Mama na Mzigo Wako wa Rambo

Somanda,
Bariadi.
14 Agosti 1996.

Mpendwa mdogo wangu Maduhu,

Mwangaluka! Habari za Mwanza? Mkeo Goodness hajambo? Na kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unalala dirisha wazi kwa ubishi? Sisi tu wazima, ila Mama ana huzuni na mimi nina hasira. Usiulize na nani, soma kwanza.

Mzigo wa mifuko ya rambo ulionitumia umefika salama. Lakini kabla haujafika, yule ng'ombe mwekundu wa Mama aliacha kula. Tumbo limejaa, mbavu zinahesabika. Mama akasema ni jicho la mtu. Shemeji yako Ngeleja akaona amchinje kabla hajajifia. Loo, Maduhu! Tumboni tulikuta plastiki tupu, rambo zimesokotana kama kamba. Ng'ombe hufuata chumvi inayobaki ndani, anameza na mfuko wenyewe. Zilikuwa zile za mistari ya bluu, ulizoleta mwaka jana.

Unajua Mama hana meno, ugali wake ni wa maziwa. Sasa amebakiwa na yule ndama jike aliyeanza majani juzijuzi. Ndiye anayemsubiri akue.

Usidhani sikujaribu kuziacha. Niliwaambia wateja waje dukani kwangu na vikapu kama zamani. Wakacheka, wakavuka barabara kwa Jabiri, anakowapa rambo bure. Kikapu siku hizi ni ushamba. Na wana haki kidogo, maana mvua ikinyesha sukari ya kwenye karatasi inakuwa uji. Nikizikataa, wanangu wanalala njaa. Nikizitoa, ng'ombe wanakufa. Nitokee wapi, mdogo wangu?

Majirani walikuja kununua ile nyama. Hakuna hata mmoja aliyebeba chombo! Nzi kibao, jua kali, nyama inaharibika. Nikafungua mzigo wako. Ng'ombe aliyeuawa na rambo ameondoka hapa ndani ya rambo, na aliyezigawa ni mimi.

Leo asubuhi nimemkuta ndama anatafuna kitu. Nimevuta, nikapata nusu.

Msalimie Goodness na shangazi Benedikta. Mungu awalinde, awape riziki isiyomdhuru mtu. Mama anakusalimu sana. Hajui rambo zinatoka kwako. Kila jioni anakuombea biashara yako ipanuke, na mimi niko hapo pembeni, naitikia amina.

Dada yako akupendaye hata akinuna,
Nyanjige