Kijiti cha Papa Risasi

Jumatatu, tarehe 7 Machi
Kuosha sahani tangu saa moja asubuhi. Za kioo, arobaini na mbili. Mbili zimevunjika. Mgongo unauma.

Kisha nikapika jeli, ile ambayo Citoyen Lokwa, fundi wa maabara, anapandia wadudu wa magonjwa hapa labo. Kopo limekaribia mwisho. Jingine linatoka Kinshasa na meli haijulikani iko wapi. Wiki tatu sasa namimina nusu. Jeli ya sahani kumi inatosha ishirini. Kwetu Kasongo wageni wakizidi, kila bakuli linapunguzwa kidogo na wote wanakula.

Papa Risasi, aliyenifundisha kazi hii kabla hajarudi kwao Kindu, aliniachia kijiti cha mwanzi chenye alama moja ya kisu. Jeli lazima ifike kwenye alama. Hakusema kwa nini. Sikuuliza. Kijiti kiko juu ya kabati, kina vumbi.

Lokwa, ambaye huniita Tonton, yaani mjomba, alihesabu sahani akacheka. "Tonton, mukono yako iko na baraka." Nimefurahi siku nzima kama mtoto.

Jumanne, tarehe 8
Mama Bolumbu hakuwa getini. Yeye ni mtu wa Yanonge, anauza maboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, mbele ya hospitali. Miaka kumi na moja niko mji huu peke yangu, na ni yeye tu anayeuliza kama nimekula. Ananiita Papa Kasongo. Juma lililopita nilisita kununua, akaniambia mbele ya watu: "Papa Kasongo, samaki inakuangalia, na wewe unaangalia mimi. Chagua moja."

Nimemkuta chumba cha wagonjwa wanawake. Chuma cha mtumbwi kilimchoma wayo, akafunga kitambaa, akaendelea kuuza. Sasa mguu umevimba hadi karibu na goti. Unanuka. Niliogopa. Usaha wake nimeubeba mwenyewe hadi labo.

Alhamisi, tarehe 10
Majibu yametoka. Lokwa huwapaka wadudu juu ya jeli, kisha anaweka vikaratasi vidogo vya mviringo vilivyoloweshwa dawa, kila kimoja dawa yake. Kesho yake, pale dawa inapoua, kunakuwa na duara safi. Analipima kwa rula na kutazama jedwali ukutani. Duara pana, anaandika S: dawa inafaa. Duara dogo, anaandika R: dawa haifai. Kuna na duara la katikati, lisiloaminika.

Kloramfenikoli, milimita kumi na tisa. Jedwali linataka kumi na nane kwenda juu. S. Jentamisini nayo S, pana zaidi, lakini famasi yetu haina. Kloramfenikoli ipo. Nilikwenda mbio kumwambia Mama Bolumbu. Akasema nimekimbia kama mtu aliyesikia harufu ya liboke.

Jumamosi, tarehe 12
Salongo, kazi ya umma ya lazima. Tumekata majani ya uwanja hadi saa nne. Kisha nikaenda kumwona Mama Bolumbu. Siku mbili za sindano na homa iko palepale. Daktari anasema dawa ni sahihi, karatasi ya labo inasema hivyo, tungoje. Mama Bolumbu hakuniita Papa Kasongo. Hakuniita kitu.

Jumatatu, tarehe 14
Meli imefika. Kopo jipya, limejaa. Hakuna haja ya kubana tena. Nimekishusha kijiti, nikakiosha, nikamimina hadi kwenye alama.

Daktari ametaka usaha upimwe upya. Mguu umekuwa mweusi kwenye vidole.

Jumatano, tarehe 16
Majibu ya pili yametoka.

Mgonjwa yuleyule. Mdudu yuleyule. Dawa ileile. Kumi na tatu, si S tena.

Lokwa alipima mara tatu. Akasema mdudu amejifunza, siku nne za sindano zimemtosha kuizoea dawa. Alikuwa anataka kuandika hivyo. Jentamisini bado ina duara pana, kwa hiyo daktari ametuma mtu avuke mto hadi Lubunga, kwenye famasi ya misheni, kuitafuta.

Nilikuwa nimesimama kando na ndoo. Nikaitazama sahani kwa ubavu. Jeli nene, ya kijiti. Nikakumbuka zile nyingine, nyembamba kama ukoko. Nikaweka ndoo chini.

Ningeweza kunyamaza. Mdudu angebeba lawama. Niliosha sahani hadi saa sita. Kisha nikamwambia Lokwa yote, wiki zote nne. Hakupiga kelele. Aliomba sahani mbili, moja ya nusu, moja ya kijiti. Akapanda mdudu yuleyule kwenye zote mbili, na dawa ileile.

Alhamisi, tarehe 17
Nimezisimamia tangu mlango ulipofunguliwa. Nyembamba: kumi na tisa. Nene: kumi na tatu.

Lokwa alinieleza taratibu. Dawa haiendi pembeni tu, inazama chini pia. Jeli ikiwa nyembamba, dawa haina pa kuzama, inasambaa pembeni, inachora duara la uongo. Nilidhani jeli ni kitanda tu cha wadudu. Nani anapima unene wa kitanda?

Nikamwambia andika kosa kwa jina langu. Akakataa. "Nilikuwa na mududu ya kupimia, ile tunajua duara yake. Courant ya umeme ilikatika, mududu ikakufa kwenye frigo, nikaendelea bila yeye. Yeye angenionyesha. Karatasi iko na sahihi yangu, Tonton. Ya kwako haiko."

Akachukua rejista, akazunguka vyumba vyote na madaktari. Wagonjwa kumi na mmoja wamepimwa kwenye sahani zangu. Saba bado wako vitandani, watapimwa upya. Watatu walikwisha kurudi nyumbani. Mmoja alikufa juma lililopita, mwanamume wa Kabondo. Hatujui kama ni sababu hiyo. Hatutajua.



Jumamosi, tarehe 19
Jentamisini imeshusha homa. Mguu haukungoja. Wameukata chini ya goti.

Jumapili, tarehe 27
Nimemwambia Mama Bolumbu. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Jumatano, yakapotea yote.

Nilimweleza habari ya kopo, ya sahani, ya duara. Alisikiliza huku anakunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake.

"Ulimimina kidogo?"

"Ndiyo, mama."

"Juu sahani zitoshe?"

"Juu zitoshe."

Kisha akasema, "Mimi pia, samaki ikiwa kidogo, naongezaka majani."

Basi. Sijui kama ni msamaha. Nadhani si msamaha. Aliniomba maji, nikamletea, akanywa.

Jumamosi, tarehe 9 Aprili
Kaka yake Mama Bolumbu amekuja na mtumbwi. Tumemshusha hadi mtoni sisi wawili, kwenye kiti. Ni mwepesi. Anarudi Yanonge. Nilimpa magongo ya kutembelea niliyoyachonga, moja refu kuliko jingine kidogo. Aliyapima kwa macho. "Papa Kasongo, haya pia ulipima na jicho?" Kaka yake akacheka. Mimi sikuweza.

Nitayakata sawa nikipata kisu, nilimwambia. Akasema kaka yake ana kisu.

Jumatatu, tarehe 11 Aprili
Mvua asubuhi. Getini kuna mwanamke mwingine, anauza chikwangue, mikate ya muhogo.

Lokwa amepata mdudu mpya wa kupimia. Nimefunga uzi kwenye kijiti na kukitundika juu ya meza ya kumiminia, usawa wa macho. Nimemimina hadi kwenye alama. Jeli imetosha sahani kumi. Zilizobaki tupu nimezifunika kitambaa.