Sele Amefuta Chemko

Jumapili, Temeke. Joto la kunata, mvua imegoma, na mimi nimenuna tangu saa kumi.

Namchukia Sele. Acha niandike hapa, maana mbele za watu tunaitana ndugu.

Sele ndiye mpiga kinanda wa bendi yetu ya kiwandani. Mimi napiga tumba. Kwa miaka sita nyimbo zetu zimekwenda hivi: waimbaji wanaanza pole pole, wanalalamikia mapenzi yao weee, kisha wananyamaza na vyombo vinachachamaa. Hiyo ndiyo chemko. Hapo watu wa Temeke wanavua viatu, na hapo na mimi naonekana mtu.

Sasa kuna hoteli moja ya mjini inatafuta bendi ya kuwapigia wageni wakila. Sele kaenda kuwasikiliza, karudi na kinanda kilichotiwa sukari. Anavipapasa vitufe kama anabembeleza mtoto mwenye homa. Chemko kaifuta, wala hakutuuliza. Huyu huyu aliyekuwa akikibamiza kinanda mpaka shati linamganda mgongoni!

Leo kwenye dansi la mchana tumepiga wimbo wake mpya. Waimbaji waliponyamaza, mikono yangu ikaingia kwenye chemko yenyewe tu. Sikukusudia, miaka sita si mchezo. Watu wakashangilia, wakaruka. Sele akasimamisha wimbo mzima.

"Ndugu, hapo hakuna tumba tena," akasema, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Mie nifanye nini sasa?"

"Pumzika tu, kaka."

Ukumbi mzima ukacheka. Nilitamani kumtwanga na tumba yenyewe.

Akaanza upya bila mimi. Nikakaa, mikono mapajani, nikingoja wamzomee. Temeke wanajua kuzomea.

Hawakuzomea.

Walishikana wawili wawili. Mke wangu Mwajuma, ambaye siku zote miguu inamuuma, alisimama na dada yake wakacheza, kafumba macho kabisa. Tuliporudi nyumbani nikamuuliza vipi. Akasema wimbo mzuri. Nikamuuliza kama hakuona kitu kimepungua. Akafikiri. Afadhali angejibu haraka ili anikomoe, lakini alifikiri kweli.

"Kwani kilipungua nini?"

Chakula kimenishinda. Nimemwambia tumbo linauma.

Kesho siendi mazoezini. Waone pengo langu.

Na wasipoliona?