Mguu na Mdomo si Ugonjwa Mmoja

Mbeya, Jumatano, Julai 1954

Baridi ya leo inauma mpaka kwenye meno. Mwanangu Lugano naye anaota meno, amelia mgongoni kwangu tangu asubuhi, ikabaki kidogo tu nilie naye.

Baba mkwe ana kansa mbili. Daktari amenieleza mara tatu. Ya mguuni imetoka kwenye kidonda chake cha miaka mingi. Ya mdomoni imeanza yenyewe, haikuzaliwa na ile. Mguu ukatwe kesho, mdomo ufuate akipata nguvu.

Mume wangu yuko Chunya kwenye dhahabu. Anayeelewa Kiswahili cha daktari hapa ni mimi. Lakini kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Basi nakaa nje ya mlango wa wodi, namwambia mama mkwe, naye anafikisha.

Anafikisha nini sasa!

Nasema, "Mama, mguu utakatwa." Namsikia ndani: "Wanasema mguu utasafishwa."

Nasema magonjwa ni mawili. Ndani: "Hilo la mdomoni ni mtoto wa la mguuni. Mama yake akisafishwa, litakauka."

Baba anacheka. "Basi wasafishe upesi, kahawa yangu shambani inaanguka chini!"

Nilimvuta mama mkwe kando. "Akiamka hana mguu utamwambia nini?"

"Wee mtoto, wewe unamjua kuliko mimi? Akisikia kukatwa anaondoka leo leo."

Ni kweli, anaweza. Na akiondoka atakufa. Lakini mtu kukatwa mguu kwa kudanganywa, hapana. Nimechoka.

Nikajifunika uso kwa kanga, nikageukia ukuta, nikasema mwenyewe kwa sauti: "Mguu unakatwa, juu ya goti. Halafu mdomo. Ni kansa mbili, baba, na moja haiondoki na mwenzake."

Mama mkwe akakaa chini sakafuni.

Baba akasema na mkewe, si na mimi: "Muulize huyo wa mlangoni. Kesho atakuwepo?"

Sikungoja kuulizwa. "Nitakuwepo."

"Mwambie basi, wakate."

Mama mkwe hajanisemesha tangu hapo, na simlaumu. Nilimwogopesha, nikamwaibisha mbele ya watu. Lakini la mdomo nalo linakuja, na akilibadilisha tena, nitasema tena.