Kadi Nisizotumia

Iringa, Jumanne

Eti nifunge kadi zangu mbili za mkopo kwa kuwa sizitumii. Mume wangu karudi jana kutoka machimboni Makongolosi, na tayari ana amri. "Benki wakiziona watatunyima mkopo wa nyumba."

Hizohizo ndizo zilizomtibu mama yangu wakati mume wangu hapatikani kwenye simu; deni lake nimeshalimaliza.

Leo nimekwenda benki mwenyewe kuuliza. Dada wa mikopo kasema kadi isiyo na deni haitunyimi kitu. Kisha akaniuliza, "Mama, unajua hati ya nyumba itakuwa na jina la mumeo peke yake?"

Sikujua. Na mshahara utakaokatwa ni wangu.

Jioni nikamuuliza mume wangu kuhusu hati. "Mke na mume si kitu kimoja?" akasema.

"Basi tuandikwe wote."

Akaendelea kula.

Kadi sifungi. Na mkopo wake sisaini.