Tenki Halijahama

Manzese, Jumapili

Shikamoo baba,

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako ikipigwa husikilizwa na baraza zima. Unaweka spika, jirani anachomekea salamu zake, na mtu aliyetaka kusema jambo la maana anaishia kuuliza bei ya korosho. Hili si la spika. Barua hii nimempa jirani yangu mwalimu, anayekuja huko likizo, akukabidhi wewe mwenyewe. Isome kwanza ukiwa peke yako.

Goti linaendeleaje? Mama aliniambia sasa unasali umekaa kwenye kiti. Ile dawa ya kuchua niliyoituma ni ya goti lako, usimgawie kila anayepita na mgongo wake. Mie mzima. Nakula na nalala, ila vyote viwili kwa uchache.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisimamisha uani nimeshika waya wa redio yako ili taarifa ya habari isikike? Ukisema sogea kushoto, nasogea. Ukisema tulia hapohapo, natulia mpaka mkono unakufa ganzi. Basi ndiyo kazi ninayoifanya huku mjini. Tofauti ni kwamba mshika waya yuko juu ya mnara, na anayesema sogea ni mie.

Antena ya simu ina uso, mfano wa tochi. Ukiigeuza vibaya, mtaa mmoja unamulikwa mara mbili na mwingine unabaki kupiga kelele haloo, haloo. Kwa hiyo kila antena imepangiwa upande wake kwenye karatasi, kwa digrii, na sie tunahakikisha inatazama huko. Hakuna aliyenifundisha darasani. Nilibeba kamba miaka miwili nikiwaangalia wenzangu wanavyoshika dira, hadi siku mwenye dira alipougua nikajikuta najua. Nilijivuna sana kwa hilo.

Shaibu nilimleta mie kwenye kazi hii kutoka huko nyumbani, unajua. Alikuwa na desturi yake: akishakaza boliti anachora mstari mmoja wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kishikio cha antena, ili ikisogea hata kidogo ionekane. Hakuna aliyemwagiza. Nilikuwa namtania kwamba yeye ni seremala aliyepotea njia.

Siku ile tulikuwa Chamazi. Asubuhi nilisimama kwenye uwanja wa mpira, mbali na mnara, nikapima inavyotakiwa. Dira ni sindano ya sumaku, baba, ikikaribia chuma inapotoka. Ndiyo maana tunasimama mbali, tunaweka pembeni simu, funguo, hata mkanda wa suruali wenye kifungo cha chuma. Nikampa Shaibu alama ya kuilenga: tenki jeusi la maji la shule. Akapanda, akageuza uso wa antena kwenye tenki, akakaza, akachora mstari wake.

Kikabaki kipimo cha mwisho cha kujazia fomu. Nilipaswa kurudi uwanjani, lakini jua lilikuwa kali, na karibu yangu kulikuwa na kontena lililogeuzwa duka la soda, lina kivuli kizuri. Nikanunua soda, nikapimia hapo kivulini. Simu nilitoa mfukoni. Funguo nilitoa. Mkanda nilivua, nikaviweka vyote kwenye kiti cha mwenye duka, kwa uangalifu mkubwa, kisha nikaegemea tani kadhaa za chuma.

Dira ikaniambia tumekosea digrii kumi na mbili. Shaibu alikuwa ameshafika nusu ya ngazi akishuka. Nikamwita kwenye redio ya mkononi, nikamwambia arudi akageuze.

"Tenki halijahama, kaka Hamisi," akasema.

"Dira haina undugu. Panda."

Akacheka, akasema basi na yeye soda yake iwekwe kwenye barafu. Akapanda.

Mkanda wetu wa usalama una ndoano mbili, ili unapohama moja ibaki imeshika. Wa kwake, ndoano ya pili ilikatika springi tangu kabla ya mfungo. Ofisini tulisema, tukaambiwa nyingine inakuja. Kwa hiyo kila alipohama kulikuwa na muda mfupi, kama wa kumeza mate, ambao hakushikwa na chochote. Asubuhi aliupita muda huo salama mara zote. Nilimwona hadi chini, baba. Sitaandika zaidi ya hapo.

Jioni msimamizi alinikalisha mbele ya fomu. Hakunitisha. Angenitisha ningepata pa kumlaumu. Aliuliza tu, "Wakati anaanguka, alikuwa amejifunga au hajajifunga?" Nikasema hajajifunga. "Basi andika hivyo." Nikaandika: hakujifunga. Kila herufi ni ya kweli, na zote kwa pamoja ni uongo. Kisha nikakupigia nikakwambia hivyohivyo, kwenye spika.

Nimesikia kwamba siku ya maziko ulisimama ukawaasa vijana wasiwe wazembe kazini kama marehemu, na mama yake, Bi Zuhura, alikuwa ndani anasikia. Usijilaumu. Yale maneno yalikuwa yangu, wewe ulishika waya tu.

Mwezi uliofuata watu wa Chamazi wakaanza kulalamika kwamba simu hazishiki. Maana aliyepelekwa kumalizia kazi aliigeuza antena kwa zile digrii kumi na mbili, kama nilivyoagiza. Tukarudi. Safari hii nilisimama uwanjani, juani. Nikapima mara nne, nikitumaini dira itanionea huruma. Antena ilikuwa imepotoka digrii kumi na mbili kamili. Nikamwelekeza mwenzangu aliye juu aigeuze polepole hadi niseme tosha. Nikasema tosha. Akauliza kwenye redio:

"Kuna mstari mweupe huku, umekutana sawasawa. Nani aliuchora?"

Nilijifanya redio haisikiki, na ndiyo mara ya kwanza nafurahi chombo cha ofisi kudhaniwa kibovu.

Alhamisi niliandika maelezo mapya: kontena, soda, ndoano, kila kitu. Niliyapeleka mwenyewe. Wakaniweka kwenye benchi nje, halafu nikaambiwa nipumzike nyumbani mpaka nitakapoitwa. Sidhani kama nitaitwa kwa heri. Nakala iko humu ndani ya bahasha.

Nakuomba jambo moja, baba, nami najua ni zito kwa mtu wa umri wako kusimama mara ya pili. Nenda kwanza kwa Bi Zuhura umsomee barua hii, na usiruke mahali nilipojitaja. Akitaka kunilaani, usimzuie. Kisha Ijumaa, watu wakitoka kusali, waambie walewale uliowaambia kwamba Shaibu hakuwa mzembe. Na mama yake akiuliza kazi ya mwanawe iliishia wapi, mwambie antena inatazama palepale alipoielekeza yeye, na watu wa mtaa ule wanazungumza na ndugu zao.

Msalimie mama, na dada Mwajuma anayekuandalia maji ya kuoga, na mjomba fundi baiskeli. Bi Zuhura usimpe salamu zangu. Hizo nitakuja kuzileta kwa miguu yangu.

Mwanao aliyesimama kivulini,

Hamisi