Mifuko ya Jezi Niliyoifunga kwa Mkono Wangu

Mpendwa mshauri, nisaidie mwenzako kabla sijaumbuka mtaa mzima, ingawa kuumbuka nimeshaanza. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia njiani lakini mkono wangu unajulikana, na nina mtoto mmoja wa kiume ambaye ni mwendesha baiskeli wa kulipwa, siyo wa kupeleka mikate, wa mbio, wa barabarani, wa kwenye televisheni, na tangu mdogo nikimtuma chumvi alikuwa anarudi maji hayajachemka, na mapaja yake mshauri ungeyaona ungesema nguzo za umeme, suruali za dukani hazimwingii, namshonea mwenyewe. Jina la Risasi nilimpa mimi.

Sasa mwezi uliopita nikawaita majirani sebuleni kwangu tumtazame, viti nikaazima, na nilikuwa nimeshawaambia wote kwamba timu ile bila Risasi haiendi popote. Mbio zikaanza, kamera ikamleta mwanangu, nikapiga vigelegele, kumbe anarudi nyuma! Anarudi kwenye gari la timu, anapewa chupa za maji, anajaza mifuko mitatu ya mgongoni, anapanda nazo kilima kumgawia nahodha na wenzake, akimaliza anakaa mbele kumkingia nahodha upepo, na karibu na mwisho pumzi zinamwishia, anaachwa, nahodha anashinda. Mama wa ghorofani akaniuliza mbele za watu, "Mama Risasi, kumbe mwanao siku hizi anauza maji?" Wakacheka mpaka mwenye duka akajimwagia chai.

Nilipomuuliza mwanangu akanijibu, "Mama, ndiyo kazi yangu hiyo, nahodha akishinda tumeshinda wote." Mshauri, nikaona wanamwonea kwa upole wake. Basi aliponiletea jezi nimrekebishie zipu, zipu nikarekebisha, na ile mifuko mitatu nayo nikaifunga, mshono mara mbili, kwa uzi ule wa kushonea turubai, nikasema haya, tuone watambebesha wapi.

Siku ya mbio akapokea chupa, akapeleka mkono mgongoni, akapapasa, akapapasa tena, hakuna pa kuingilia. Akazitia kifuani, akawa kama mama anayenyonyesha mapacha, zikateremka tumboni, zikachomoka moja moja zikabingirika barabarani, wenzake wanazikwepa kama wanacheza ngoma. Nahodha akakaukiwa, akafika wa arobaini na moja.

Sasa meneja anamuuliza nani alishona, naye anasema ni yeye mwenyewe, ati alitaka jezi iwe nyepesi, ananificha mimi mama yake. Meneja haamini, anadhani alifanya makusudi nahodha ashindwe, na Alhamisi ndiyo anaamua kama atamwongezea mkataba au atamtema. Halafu Jumapili mbio zinapita mbele ya mlango wangu! Nikisema ukweli watanicheka mpaka nihame, nikinyamaza mwanangu atakosa kazi aliyoipenda tangu miguu haifikii pedali. Au niende nimwombe meneja ampe Risasi unahodha kidogo, hata wa wiki moja? Nifanyeje?

Mama Risasi, fundi

Mama Risasi,

Pole sana, na unisamehe, maana nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimecheka mwenyewe ofisini kama mwendawazimu. Nilipomaliza kucheka nikakasirika. Mtoto alikuletea zipu, mifuko alikwambia nani uiguse?

Hilo la unahodha wa wiki moja lifute kabisa, unahodha si blauzi ya kuazimana. Wewe ni fundi, hebu niambie, mteja gani amewahi kukusifia bitana? Wote wanasifia kola na vifungo. Lakini toa bitana uone kama koti litakaa. Mwanao ndiye bitana ya timu ile. Ulipowaambia majirani kwamba bila yeye timu haiendi popote ulisema kweli bila kujua, kisha ukaenda kuithibitisha kwa sindano: wa arobaini na moja!

Alhamisi usiingoje. Kesho asubuhi chukua jezi ile na wembe, nenda kwa meneja, fumua mshono wako mbele ya macho yake na useme, "Ni mimi, mwanangu alikuwa ananificha." Kijana anayemkinga mama yake namna hiyo ndiye huyo huyo anayemkinga nahodha na upepo. Meneja asipoliona hilo, mwonyeshe. Ukimaliza omba radhi, kisha nyamaza. Najua kunyamaza kutakuwa kazi kuliko kufumua. Habari za mapaja usizianze.

Majirani watacheka, ndiyo. Wacheke siku mbili, yataisha. Mwanao akitemwa, hilo haliishi kwa siku mbili.

Jumapili toa viti nje, mama wa ghorofani mweke mstari wa mbele, sindano iache ndani. Waeleze mapema kazi ya mwanao ni ipi, kwa majivuno yako yale yale, maana hayo sikuombi uyapunguze. Na Risasi akitokea na mzigo wake mgongoni, anza kuzihesabu chupa kwa sauti, moja, mbili, tatu, mtaa mzima uitikie. Ya mwisho mwachie mama wa ghorofani aitaje.